Mvua Ikinyeshea Dagaa: Mwongozo wa Kuliona Kusudi la Mungu Katika Usumbufu wa Kila Siku

Dagaa wabichi wanataka jua la kutosha. Likikosekana wanaanza kunuka, wanakatika vichwa, na mnunuzi wa kutoka Tabora akiwaona anakupa nusu ya bei au anageuza mgongo. Kwa hiyo Novemba ya mwaka juzi, mvua iliponikuta mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikiwa nimeanika mtaji wangu wote wa wiki, sikuwaza habari za kiroho hata kidogo. Nilikimbilia turubai. Nilikuwa nalo moja, na dagaa nilikuwa nimewatandaza sehemu mbili.

Pembeni yangu alikuwepo binti mwenye mtoto mgongoni. Yeye hakuwa na turubai, alikuwa na kanga tu. Alishika ncha ya turubai langu bila kuniomba, akalivuta upande wake, nami nikavuta wangu, likafunika robo ya dagaa wake na nusu ya wangu. Tulisimama hivyo, tumelowa, karibu nusu saa. Waliobaki nje waliharibika, wake na wangu. Lakini katika ile nusu saa nilijua kwamba alikuwa ametoka Kasulu wiki tatu tu nyuma, kwamba mumewe usiku yuko ziwani, mchana analala, na kwamba tangu afike hakuna mtu aliyemuuliza jina.

Siwezi kusema Mungu aliinyesha mvua ile ili nikutane naye. Mvua ya Novemba huja kila mwaka, na iliwanyeshea wote waliokuwa mwaloni. Ninachosema ni hiki: nilikuwa nimeanika karibu na binti yule siku nne mfululizo, jua likiwaka, na sikuwa nimemwona.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza, polepole na kwa kuanguka mara nyingi, namna ya kukaa ndani ya usumbufu kama mtu wa Kristo. Wenzangu wa jumuiya wameniomba niandike ninavyofanya. Zifuatazo ndizo hatua zangu. Zifuate kwa mpangilio huu mwanzoni. Ukizizoea, utajua mwenyewe ipi ya kutangulia.

Kabla hujaanza

Mwongozo huu ni wa mambo madogo: umeme kukatika unga wako ukiwa mashineni, bomba kukauka, basi kuharibika njiani, mtandao kugoma ukiwa kwa wakala, foleni ya zahanati, mgeni anayebisha hodi sufuria likiwa limeshapakuliwa. Si wa msiba. Si wa ugonjwa mzito, wala si wa mama anayepigwa nyumbani kwake. Mtu akifiwa na mtoto usimpelekee hatua hizi. Mpelekee uji, kaa naye mkekani, nyamaza. Rafiki zake Ayubu walifanya vema zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Tafuta pia daftari dogo na kalamu. La shilingi chache linatosha. Utalihitaji jioni.

Hatua ya 1: Mwambie Mungu kilichotokea, kama kilivyo

Wengi wetu tumefundishwa kuruka hapa. Maji yakikatika tunasema haraka, "Bwana asifiwe katika yote," huku meno yameumana. Mtume Paulo anaposema tushukuru kwa kila jambo, katika 1 Wathesalonike 5:18, hajasema tudanganye. Daudi katika zaburi zake analalamika wazi wazi, anauliza hata lini, kisha ndipo anafika kwenye sifa. Njia ya kwenda kwenye shukrani imepita kwenye malalamiko yaliyosemwa kwa aliyestahili kuyasikia.

Sema sentensi moja, kwa sauti kama uko peke yako, au moyoni kama uko kwenye umati. Iwe na vitu halisi ndani yake: "Bwana, maji yamekatika, nina ndoo mbili za sare za watoto, na kesho ni Jumatatu." Basi. Usiongeze maelezo ya kwa nini imetokea, kwa sababu huyajui. Usiongeze pia lawama kwa jirani. Sentensi moja iliyonyooka inatoa moto kifuani zaidi ya dakika ishirini za kunung'unika mbele ya watu.

Hatua ya 2: Uliza kama kuna kitu cha kutengeneza

Hapa nasema kwa uchungu kidogo, maana naliona kosa hili makanisani kwetu. Kuna usumbufu unaotoka kwa Mungu anayetawala mvua na jua, na kuna usumbufu unaotoka kwa mtu ambaye hakufanya kazi yake. Kisima kikiharibika pampu, na fedha za matengenezo zilichangwa, na miezi inapita, hilo si jaribu la imani yako. Hilo ni jambo la kupeleka kwa kamati ya maji, na kamati isipojibu, kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkristo anayebeba maji kilomita mbili akiimba, huku hajawahi kuhudhuria mkutano wa mtaa hata mara moja, ameacha sehemu ya kusudi lake barabarani.

Jiulize maswali matatu, usikae nayo muda mrefu:

Je, kuna mtu mwenye wajibu ambaye anapaswa kuambiwa? Mwambie, kwa heshima, na uandike tarehe uliyomwambia.

Je, ni mimi? Mara nyingi ni mimi. Mara ngapi nimekaa gizani si kwa sababu ya mgao bali kwa sababu niliahirisha kununua umeme mpaka saa nne usiku, wakala amefunga? Hapo kusudi la Mungu halihitaji kutafutwa kwa taa. Ni kujifunza kununua mapema.

Je, ni jambo lisilo na mwenye kosa, kama mvua, au tairi iliyokanyaga msumari? Basi songa hatua ya tatu.

Mimi, baada ya mvua ile, nilinunua turubai la pili na kumlipa fundi anitengenezee vichanja vya miti ili dagaa wasilale chini. Wenzangu wawili walinicheka wakasema, "Mama, si ulisema Mungu amekufundisha jambo?" Ndiyo, amenifundisha pia kujenga vichanja.

Hatua ya 3: Acha "kwa nini mimi," uliza "nani yuko hapa?"

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote zinaizunguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Usumbufu ukija, swali la kwanza linalopanda ni "kwa nini." Kwa nini leo, kwa nini mimi, Mungu ananiambia nini? Ni swali la mtu anayejitazama. Linakufungia ndani ya kichwa chako wakati ambapo mlango umefunguka nje. Maana usumbufu, karibu kila mara, unafanya kitu kimoja ambacho ratiba yako nzuri haifanyi: unakusimamisha karibu na mtu ambaye hukumpangia.

Soma Marko sura ya 5 kuanzia mstari wa 21. Yairo, mkuu wa sinagogi, binti yake yu katika kufa. Anamwomba Yesu, Yesu anakubali, wanaondoka kwa haraka umati ukiwasonga. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake. Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyenigusa. Wanafunzi wanashangaa, maana watu wamejaa pande zote. Naye anaendelea kutazama huku na huku mpaka mwanamke anajitokeza na kumweleza habari yake yote.

Sasa simama mahali pa Yairo. Binti yako ana miaka 12, anakufa, na daktari wako amesimama barabarani anasikiliza maelezo ya mtu mwingine. Kwa Yairo ule ulikuwa usumbufu mbaya kuliko wowote uliowahi kutupata wewe na mimi kwenye foleni. Na wakati wanazungumza, wajumbe wanafika: binti amekwisha kufa, usimsumbue mwalimu. Yesu hakumwambia Yairo kwamba kuchelewa kule kulikuwa na sababu ya siri. Alimwambia asiogope, aamini tu, wakaendelea na safari, na mtoto akainuka.

Nimeisoma habari hii mara nyingi nikijiona mimi ni yule mwanamke. Siku hizi naona kwamba siku nyingi mimi ni Yairo. Kuchelewa kwangu ni zamu ya mtu mwingine kuhudumiwa. Bibi anayechukua muda mrefu dirishani kwa sababu haoni vizuri na kila fomu lazima asomewe, huyo si kizuizi kilichowekwa mbele ya kusudi langu. Yesu amesimama pale kwa ajili yake.

Angalia tena Yohana sura ya 4. Yesu amechoka kwa safari, ameketi kisimani yapata saa sita, jua la utosi, ana kiu, na mwanamke anamwambia wazi kwamba hana kitu cha kutekea na kisima ni kirefu. Yeyote aliyewahi kufika kisimani akakuta hana kamba wala ndoo anaielewa hali hiyo. Kila kitu kimekosekana isipokuwa mtu mmoja, mwanamke wa Samaria, na mazungumzo yao yakaufikia mji mzima.

Nasi watu wa Kigoma tuna habari yetu wenyewe, hatua chache kutoka barabarani pale Ujiji, penye miembe na kumbukumbu ya Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti. Watalii wanapelekwa kuona mahali alipokutana na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, mwaka 1871. Wachache wanasimuliwa hali aliyokuwa nayo kabla ya kukutana. Alikuwa amerudi Ujiji kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa mgonjwa na dhaifu, akitegemea kukuta bidhaa zake zimehifadhiwa, akakuta aliyekabidhiwa ameziuza zote. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alijiona kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, tena hakutumaini kuhani, Mlawi wala Msamaria kupita njia ile. Kisha asubuhi moja Susi, mtumishi wake, akaja mbio kumwambia kuna mgeni anaingia mjini.

Napenda sehemu ya Susi. Ndiye aliyekimbia. Miaka miwili baadaye, Livingstone alipofariki, Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Na angalia: wizi haukugeuka kuwa jambo jema. Aliyeiba aliiba. Msaada ulikuja kwa miguu ya watu.

Basi ufanyeje? Ukishasema ile sentensi ya hatua ya kwanza, inua macho. Weka simu mfukoni. Tazama watu watatu walio karibu nawe zaidi, mmoja mmoja, na umsalimie aliye karibu kuliko wote. Sisi Waha salamu yetu haina haraka, na hiyo ni hazina. Mwulize anatoka wapi, anakwenda wapi, nyumbani hawajambo. Usiingie na mahubiri, wala usimtolee Biblia mtu mwenye njaa ya saa sita. Msikilize.

Nilikuwa kwenye basi nikielekea Tabora, tumeshaipita Uvinza, gari likafa porini. Konda akasema saa moja, zikawa sita. Nilinung'unika vya kutosha, nakiri, nusu ya saa hizo. Kisha nikainua macho nikamwona mzee aliyekaa kiti cha mbele yangu, ameshika karatasi, anaigeuza, anaikunja, anaikunjua. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Wewe unajua kusoma vizuri?" Ilikuwa barua ya rufaa ya hospitali, na siku aliyopangiwa ilikuwa ile ile. Alikuwa anasafiri peke yake kwa sababu hakutaka kuwasumbua watoto. Nilimsomea mara tatu. Tukampigia kijana wake aliyeko Tabora kwa chaji kidogo iliyokuwa imebaki kwenye simu yangu, akasema atakwenda yeye mwenyewe kuomba siku nyingine, na atampokea baba yake stendi. Sikumwona tena mzee yule, wala sijui aliponaje. Basi lingekwenda vizuri, ningelala mpaka Urambo na kisogo chake mbele ya macho yangu.

Hatua ya 4: Fanya kitu kimoja kidogo cha mkono

Usiahidi makubwa. Chagua kitu kinachokamilika papo hapo, kabla usumbufu haujaisha: shika mtoto wa mwenzio apate kujaza fomu. Mwachie mjamzito kivuli chako. Mgawie jirani dumu moja ukiwa na mawili. Umeme ukikatika usiku na una taa ya sola, waite watoto wa nyumba ya pili waje kumalizia kazi za shule kwako.

Rebeka, katika Mwanzo 24, alikwenda kisimani kama siku nyingine zote. Mgeni akamwomba maji kidogo, naye akasema atawanywesha na ngamia pia. Walikuwa ngamia kumi. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa hata lita 100 kwa mara moja. Piga hesabu kwa madumu ya lita 20 uone alichojitwika binti yule: yangeweza kufika madumu 50, ya kuteka kwa mtungi! Hakuambiwa kwamba mbele yake kuna ndoa na uzao wa ahadi. Aliona wanyama wana kiu na mtu amechoka. Wewe na mimi tunaombwa dumu moja.

Na hapa niongee na baba zangu na kaka zangu wanaosoma. Maji yakikatika mtaani, anayesumbuka kwanza ni mke wako na binti yako. Wao ndio wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni, na binti ndiye anayechelewa shule. Ukitafuta kusudi la Kikristo katika maji kukatika, chukua dumu. Baiskeli ipo, inabeba matatu. Nimemwona mzee mmoja wa kanisa akifanya hivyo kila Jumamosi bila aibu yoyote, na vijana wake wamefuata bila kuambiwa.

Hatua ya 5: Chunga ulimi kwa aliye dirishani

Mtandao ukigoma, anayefokewa ni kijana wa wakala. Basi likiharibika, konda. Dawa zikiisha, muuguzi. Hawa watatu wamesumbuliwa kuliko wewe, maana wewe umesumbuliwa na jambo moja, wao wamesumbuliwa na jambo hilo pamoja na hasira za watu arobaini.

Lugha yetu imetupa neno "pole." Halikubali kosa la mtu na halimlaumu mtu, linamwona tu aliyebeba mzigo. Litumie kwanza kabla ya swali lako. "Pole na kazi, kaka. Unadhani mtandao utarudi leo, au nije kesho?" Ukiwa na haki ya kudai, dai baada ya pole, bila kupunguza neno. Mithali 15:1 inasema jawabu la upole hugeuza hasira, na nimeligundua kuwa kweli hata pale ambapo mimi ndiye mwenye hasira. Nikilisema taratibu, na mimi napoa.

Hatua ya 6: Acha nafasi kwenye siku yako

Yakobo, katika sura ya 4, anawasema wafanyabiashara. Nasi wa dagaa na mawese tumo humo: wanaosema leo au kesho tutaingia katika mji fulani, tutafanya biashara na kupata faida. Anawaambia waseme, Bwana akipenda. Jirani zetu Waislamu wa Ujiji wana Inshallah mdomoni siku zote, nasi tusiwaachie wao peke yao.

Lakini neno bila nafasi ni mdomo mtupu. Ukisema Bwana akipenda, kisha umepanga mambo manane yasiyoachiana hata dakika, umeshamwambia Bwana hana pa kukaa. Wavuvi wetu wana hekima hapa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawafuati taa, basi hawaingii ziwani. Wanatengeneza nyavu, wanakaa na watoto. Mwezi hauwaulizi kama wana deni. Wameshayaweka yale mapumziko ndani ya hesabu zao.

Mimi nimepunguza. Siku ya kwenda mwaloni sipangi jambo lingine la saa maalumu. Nyumbani kuna dumu moja limejazwa, limefunikwa, haliguswi. Ratiba ikiwa na nafasi, mtu akikusimamisha njiani unaweza kusimama kweli, si kusimama huku mguu mmoja unatembea.

Hatua ya 7: Jioni, andika mistari mitatu

Kabla ya sala ya usiku fungua daftari. Mstari wa kwanza: kilichonisumbua. Wa pili: nani alikuwepo. Wa tatu: nilifanya nini, au nilishindwa nini. Usiandike zaidi. Mfano kutoka langu: "Mtandao, kwa wakala, saa mbili nzima. Kijana wa wakala, na dada mwenye ada ya mtoto. Nimemfokea kijana, kesho nirudi nimwombe radhi." Nilirudi. Alikuwa ameshasahau, mimi nilikuwa sijasahau.

Siku nyingi mstari wa pili utakuwa mtupu. Uache mtupu. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna kishawishi cha kuujaza kwa kulazimisha, kila pancha iwe na ujumbe na kila foleni iwe unabii. Nimesikia shuhuda za namna hii: "Nilichelewa basi, nikakasirika, kumbe lile basi lilikwenda kupata ajali; Mungu alinizuia." Mshukuru Mungu kwa uzima, ndiyo, kwa magoti yote mawili. Lakini kabla ya kulisema mbele ya kanisa, fikiri kwamba kwenye benchi la nyuma kuna mama ambaye mwanawe alilipanda lile basi. Je, yeye Mungu hakumpenda? Yesu aliletewa habari ya aina hii katika Luka 13, akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Alipokataa yeye, nasi tusithubutu.

Mwisho wa mwezi soma daftari lote kwa mara moja. Hapo ndipo utaona kitu ambacho siku moja haiwezi kukuonyesha. Mimi niliona jina la mtu mmoja limejirudia mara tano, na nilikuwa sijawahi kumtembelea. Niliona pia kwamba hasira zangu kubwa zote zilikuwa za saa nane mchana, kabla sijala. Hilo nalo ni la kutengeneza, rudi hatua ya pili.

Hatua ya 8: Lipeleke jumuiyani

Usifanye peke yako zaidi ya mwezi mmoja. Siku ya jumuiya, baada ya neno, kila mtu asome usumbufu mmoja tu wa wiki na mtu aliyekutana naye. Dakika mbili kila mmoja. Mwenye kuzidisha akatishwe kwa upendo.

Sisi tulipoanza, tulikuwa kumi na mmoja. Wanne, bila kupatana, walisoma habari ya pampu ile ile iliyoharibika na foleni ya kisima cha mbali. Na watatu kati ya wanne walimtaja bibi mmoja, jirani yetu sote, ambaye walimkuta amekaa juu ya dumu lake tupu, anasubiri mtu wa kumbebea. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye amemwona. Tulikwenda kwa kamati ya maji watu sita, tukiwa na tarehe zetu zimeandikwa, tukasema pole kwanza, kisha tukauliza. Ilikosekana spea, na fedha zilizokuwepo hazikutosha, tukachangishana iliyopungua.

Pampu ilianza kutoa maji Jumanne ya wiki ya pili. Bibi bado tunampelekea madumu mawili kila siku kwa zamu, maana hata kisima cha karibu kiko mbali na magoti yake, na yule binti wa Kasulu ndiye aliyeomba zamu ya Jumapili.